Kontena kwa Jina Langu

Mke wangu aliniambia kwa simu kwamba dalali wa mahakama amekuja kubandika karatasi kwenye mlango wetu wa mbele, gundi yake ikawa haishiki, na yeye ikambidi ampe uji wa ngano.

"Umempa uji?"

"Ningefanyaje? Anabandika, inadondoka, anabandika, inadondoka. Majirani wamejaa uani. Nikaona bora amalize aende zake."

Nilikuwa nimesimama ndani ya kibanda cha kioo katika duka la simu karibu na stesheni ya Guangzhou. Ilikuwa saa kumi alasiri, na Iringa ilikuwa saa tano asubuhi. Juu ya simu palikuwa na kisanduku chenye tarakimu nyekundu, kikihesabu fedha badala ya dakika. Mke wangu akanisomea karatasi yote tangu juu hadi chini, pamoja na jina la mpiga chapa, kwa kuwa ni mtu asiyeruka kitu. Nyumba ingeuzwa kwa mnada mwisho wa mwezi unaofuata, saa nne asubuhi, hapo hapo ilipo. Nilijiuliza ingeweza kuuzwa mahali gani pengine.

Ilikuwa nyumba ya vyumba sita, bati jekundu, na nilikuwa nimeijenga kwa kima cha chumba kimoja kila baada ya safari mbili. Ndani alikuwamo mke wangu, watoto watatu, na mama yangu, aliyekuja kwetu kwa wiki mbili kutibiwa meno na huo ulikuwa mwaka wake wa nne. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelala humo siku chache kuliko wote. Hata hivyo nilipokuwa nimelala kwenye vitanda vya hoteli, Bombay, Bangkok au Guangzhou, nyumba niliyokuwa nikiitembelea kichwani, chumba kwa chumba, ilikuwa hiyo.

Ni lazima nieleze habari ya makoti ya mvua.

Miaka miwili kabla ya hapo mvua zilinyesha nchini mpaka madaraja yakaondoka. Kila mwenye koti la mvua Kariakoo aliliuza kwa bei aliyoitaja mwenyewe. Nikaenda kwa tajiri. Katika biashara yetu anayekupa mtaji huitwa tajiri hata kama ana kanzu mbili. Huyu wangu alikuwa na maduka. Akanipa fedha, nikaja Guangzhou, nikanunua makoti ya mvua na mabuti ya mpira, kontena zima, nikayapeleka bandarini kwa haraka ambayo sijawahi kuwa nayo tena maishani. Mzigo ulifika kwa wakati. Mvua ndiyo haikufika. Mwaka ule jua liliwaka mpaka ng'ombe wakafa, na mimi nilikuwa nauza mabuti.

Tajiri alisubiri mwaka mzima, ambao kwa tajiri ni muda mrefu, kisha akaenda mahakamani. Hukumu ilitolewa bila mimi kuwapo, kwa sababu nilikuwa Guangzhou. Watu waliponiuliza, nilisema natafuta fedha za kumlipa. Hilo lilikuwa kweli kwa kiasi fulani. Kweli nyingine ni kwamba nikikaa mahali pamoja miezi minne nyayo zinaanza kuniwasha.

Aliyeleta wazo la kufilisika ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, karani katika ofisi ya wakili mjini Dar es Salaam. Nilimpigia siku iliyofuata kutoka kibanda kile kile.

"Shemeji, njia ni moja," akasema. "Ufilisike."

"Nimeshafilisika."

"Hujafilisika. Umeishiwa. Kufilisika kunataka ombi, kiapo na muhuri."

Akanieleza kwa utaratibu, kama mtu anayesoma dawa kwenye chupa. Mdaiwa anaweza kwenda Mahakama Kuu mwenyewe, kabla ya mnada, akaomba atangazwe mufilisi. Jaji akikubali kulipokea ombi, mnada unasimama. Wadai wote wanaitwa mahali pamoja. Mdaiwa anaonyesha kila alicho nacho na kila anachodaiwa, kisha anatoa mpango wa kulipa pole pole. Wengi wao wakiukubali mpango, nyumba inabaki. Wakiukataa, nyumba inachukuliwa na ofisa wa serikali, inauzwa, na wadai wanagawana.

"Na nirudi?"

"Usithubutu. Tajiri ameomba pia ufungwe kifungo cha madai. Ukishuka uwanja wa ndege unapokewa. Kaa huko huko. Nitakutumia fomu kwa faksi, ukaape ubalozini."

Neno lenyewe lilinisumbua. Guangzhou sisi wafanyabiashara tulilitumia kama tusi. Bimkubwa, mama wa Unguja aliyekuwa amepanga chumba mkabala na changu, akikasirishwa na bei ya muuza vitambaa humwambia kwa Kiswahili, "Mufilisi mkubwa we," na yule Mchina hucheka akidhani anasifiwa. Sasa mimi nilikuwa naenda kuomba niitwe hivyo rasmi, tena kwa kulipia.

Sikumwambia yeyote.

Ubalozi wetu uko Beijing. Nilipanda treni. Kwa mtu anayependa safari kama mimi, hiyo ndiyo iliyokuwa sehemu nzuri ya kufilisika. Nilikaa dirishani siku nzima na usiku na nusu ya siku nyingine, nikatazama mashamba ya mpunga yakigeuka kuwa mashamba ya ngano, nikanunua mayai yaliyochemshwa kwa majani ya chai, na juu ya meza ndogo ya treni nikaijaza fomu.

Hapo ndipo nilipokosea, na nataka kueleza kosa lenyewe vizuri kwa sababu watu hudhani nilikuwa nadanganya.

Katika miaka yote ya kutembea nilikuwa nimejaza fomu nyingi sana, na zote zilikuwa za viza. Fomu ya viza, hata iulize nini, inauliza jambo moja: je, wewe ni maskini? Jibu sahihi ni hapana. Ukiwa na nyumba, unaiongeza vyumba. Ukiwa na fedha benki, unaazima nyingine za wenzako wiki moja ili karatasi ya benki inenepe. Madeni huyataji, kwani nani atampa viza mtu wa madeni? Mkono wangu ulikuwa umezoea. Ulipoona mstari ulioandikwa "Mali," ulianza kazi kabla yangu.

Nyumba, vyumba tisa. Nilihesabu jiko, stoo na baraza. Duka la nguo. Hilo lilikuwa kibanda cha mbao sokoni chenye turubai. Gari aina ya pikapu. Lilikuwapo, bila injini. Injini alikuwa nayo binamu yangu. Kisha nikaandika kwa herufi kubwa: kontena la futi arobaini la nguo na vitambaa, liko baharini, kwa jina langu.

Kwenye mstari wa madeni niliandika mtu mmoja, tajiri. Bimkubwa alinidai radhi na fedha, mama mwenye karakana ya kushona kule Kangle alinidai gharama za kushonea lebo makoti yale ya mvua, lakini hao niliwaona ni watu wa nyumbani. Mtu haandiki watu wa nyumbani kwenye fomu.

Ofisa wa ubalozi aliniapisha, akagonga muhuri, akanirudishia karatasi kwa mikono miwili. Nakumbuka nilijisikia vizuri.

Kuhusu kontena. Sisi wadogo hatukuweza kujaza kontena peke yetu, kwa hiyo tulijaza kwa pamoja, na karatasi za meli ziliandikwa jina la mmoja. Hilo moja lilikuwa na watu watatu. Kulikuwa na jamaa wa Mwanza, mnene, mcheshi, muumini wa Kilokole aliyeombea kila robota kabla ya kulifunga. Yeye alikuwa na suruali za jinzi. Kulikuwa na Bimkubwa na mashuka yake na mapazia. Na kulikuwa na mimi, marobota saba ya nguo za watoto, karibu na mlango. Jina la jamaa wa Mwanza lilikuwa na kelele bandarini Dar es Salaam kwa sababu ya ada za zamani. Bimkubwa hakutaka ndugu wa mumewe wajue amepakia nini. Likabaki langu. Wakala wa meli wa bandari ya Huangpu aliandika jina langu kwenye karatasi, akanipa nakala, na meli ikaondoka. Hakukuwa na mkataba wala mashahidi. Ndivyo tulivyofanya wote, na anayekuambia alifanya vingine alikuja miaka ya baadaye.

Wiki mbili baada ya kuituma fomu, hoteli ikaniita mapokezi kuchukua faksi. Ilikuwa na mstari mmoja: "Shemeji, piga simu."

"Umeandika nini wewe?" akaniuliza.

"Mali zangu."

"Kwa kiapo chako hujafilisika. Kwa kiapo chako unaweza kumnunua tajiri na maduka yake na mimi ukaniajiri. Jaji atauliza, huyu bwana analilia nini?"

Tarakimu nyekundu zikaendelea.

"Lakini sikiliza," akasema, na sauti yake ikabadilika. "Mungu ana njia zake. Wakili wa tajiri amekisoma kiapo. Amesema nyumba ya Iringa ya kazi gani, nani ataitaka? Wanalitaka kontena. Mnada umesimamishwa mpaka meli ifike. Ikifika wanalikamata, wanauza mzigo, deni limekwisha. Ombi tunaliondoa. Nyumba yako imepona, shemeji."

"Kontena si langu lote."

Nilimsikia akifunga mlango wa ofisi.

"Hilo sijalisikia," akasema. "Na wewe hujalisema."

Nilirudi hotelini kwa miguu. Nilikuwa nimeiokoa nyumba kwa mashuka ya mtu. Nilichotakiwa kufanya sasa ni kutofanya kitu chochote, kazi ambayo kwa kawaida naiweza.

Mke wangu alipopiga simu hotelini alikuwa anacheka. Dalali alikuwa amepita njiani akamsalimia, tena akaibandua karatasi yake mwenyewe. Mama alikuwa amerudisha nguo zake kabatini. Kumbe alikuwa ameshazifunga kwenye shuka bila kumwambia mtu. Nikasema, "Mungu mkubwa," nikakata simu.

Siku nne nilikaa hivyo. Bimkubwa alikuwa na jiko dogo la umeme ambalo hoteli ilikataza, na kila mchana alipika pilau kwa ajili yetu sote watatu, mlango ukiwa umezibwa kwa taulo ili harufu isitoke. Nilikula sana siku zile. Jamaa wa Mwanza aliombea chakula, akaombea meli, akaombea mawimbi, na akamaliza kwa kuombea "ndugu yetu ambaye jina lake limebeba mizigo yetu." Nikasema amina. Nyama ilikuwa laini sana.

Siku ya tano tulikuwa Zhanqian, kwenye jengo moja la nguo za jumla, ghorofa ya tatu. Ilikuwa saa sita mchana na wenye maduka walikuwa wanakula wali kwenye visanduku, migongo imeelekea wateja. Bimkubwa alikuwa amekaa juu ya robota akihesabu mapazia kwa kidole. Jamaa wa Mwanza alikuwa amevua viatu.

"Mizigo hii nayo tuitie kwa jina lako," Bimkubwa akaniambia bila kuinua macho. "Jina lako lina baraka. Halina kelele."

"Bimkubwa," nikasema, "jina langu liko mahakamani."

Nikawaeleza yote. Nilianza na makoti ya mvua, na walikuwa wanayajua, lakini sikujua pa kuanzia pengine.

Jamaa wa Mwanza akainua mkono kama yuko darasani. "Kaka, ngoja. Jinzi zangu, sasa hivi, ni mali ya nani?"

"Yako."

"Na kwenye karatasi?"

"Yangu."

"Na zikifika Dar?"

"Ya tajiri."

"Basi jinzi zimeona mengi kuliko mimi." Akavaa viatu. Akavivua tena.

Bimkubwa hakupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Alimaliza kuhesabu mapazia aliyokuwa ameyaanza, akaiweka kalamu sikioni, chini ya ushungi.

"Umejua tangu lini?"

"Siku nne. Leo ya tano."

"Na pilau umekula siku ngapi?"

"Nne."

"Na nyama?"

"Na nyama."

"Khaa!" Akanitazama kama anavyotazama kitambaa chenye doa. "Mie nimeuza bangili zangu kwa mashuka yale, ewe mwanamume. Bangili za mama yangu. Si fedha za tajiri, si za mume. Leo ukae unitafunie nyama hapo, na mashuka yangu yanakwenda kulipia buti zako za mpira?"

"Nyumba itauzwa, Bimkubwa. Mama yangu yumo."

"Na mie mama yangu alikuwamo kwenye bangili. Wa kwako mzima, ana meno mapya. Wangu kafa."

Mwenye duka, mwanamume mwembamba aliyekuwa akila, aligeuka akatutazama, akauliza kwa mkono kama tunanunua au hatununui.

"Mei you," jamaa wa Mwanza akamjibu kwa huzuni. Ndilo neno la Kichina tulilolijua kuliko yote; wao hutuambia kila siku kwamba hakuna. "Mei you, bosi. Hapa hakuna kitu kabisa."

Baada ya hapo wote wawili wakawa wananisubiri. Niliona wazi kwamba hawangenilazimisha. Karatasi zilikuwa na jina langu, meli ilikuwa baharini, mahakama ilikuwa mbali. Wangenitukana kwa miaka, wakanitaja kwa kila Mtanzania anayeshuka stesheni, lakini kontena lingekamatwa na nyumba ingebaki. Nilifikiri kuhusu nguo za mama zilizorudi kabatini. Halafu nikasema nitaapa upya.

"Sema wallahi," akasema Bimkubwa.

"Mimi Mkristo."

"Sema tu. Huko kwenu inaonekana kuapa si tabu."

Ilikuwa kazi kuthibitisha nani ana nini. Risiti za Zhanqian hazina majina. Ni karatasi ya kaboni yenye tarakimu. Lakini mashuka, mapazia na jinzi vilikuwa vimeshonwa Kangle, kwa yule mama mwenye karakana, na yeye alikuwa na daftari. Tulikwenda siku hiyo hiyo. Vichochoro vya Kangle vilikuwa vyembamba kiasi kwamba jamaa wa Mwanza alilazimika kupita upande upande, na kila mlango ulikuwa na cherehani na redio. Tulimkuta akikata nyuzi kwa meno.

Majina yetu hakuwa akiyajua. Katika daftari alituandika kwa alama zake. Bimkubwa alikuwa "Kilemba." Jamaa wa Mwanza alikuwa "Mkubwa," na akasema si kwa cheo. Mimi nilikuwa maneno mawili ambayo msichana wake wa mahesabu, aliyejua Kiingereza kidogo, alituambia kwamba maana yake ni "Kesho Nitalipa."

"Hata Uchina wanakujua," akasema Bimkubwa.

Yule mama alitaka kujua muhuri wake ni wa nini. Tulimweleza kwa mikono na kwa msichana: ninadaiwa, nimekwenda mahakamani mwenyewe kusema sina fedha. Akadhani ametafsiriwa vibaya, akauliza tena. Kwao, alisema, mtu asiye na fedha huzima simu akahama mji. Nani anakwenda kumwambia jaji? Nikamwambia mahakama inawakusanya wote wanaonidai mahali pamoja.

"Watakupiga," akasema.

Alipoelewa kwamba kuna orodha, akakataa kugonga muhuri mpaka naye aingie. Nikamwandika hapo hapo, kiasi chote cha zile lebo. Bimkubwa akasema, basi na yeye, fedha alizonikopesha mwaka juzi, na kama kontena litachelewa bandarini kwa ajili yangu ada ni juu yangu. Jamaa wa Mwanza akakumbuka nauli ya teksi. Kwa saa moja kwenye karakana ile madeni yangu yaliongezeka kuliko mwaka mzima wa ukame. Kisha mama akapulizia muhuri wake pumzi ya moto, akagonga, mwekundu, mara sita.

Nikapanda tena treni. Safari hii sikutazama nje sana.

Ofisa wa ubalozi alikuwa yule yule. Alisoma karatasi, akanitazama, akasoma tena.

"Si wewe uliyekuja mwezi uliopita ukiwa na mali?"

"Ni mimi."

"Umefilisika lini?"

"Tangu mwanzo, mzee."

"Sasa ile siku uliapa nini?"

"Niliapa kama mtu anayeomba viza."

Aliweka kalamu chini. Naye alikuwa ameona fomu nyingi za viza maishani mwake. Akaanza kucheka, kisha akajizuia, akanieleza kwa sauti ya kazi kwamba kiapo cha uongo ni kosa la jela, kwamba jaji anaweza kunifunga kwa la kwanza hata kama la pili ni la kweli, na kwamba ananishauri nisirudi mara ya tatu. Akagonga muhuri. Karatasi alinirudishia kwa mkono mmoja.

Shemeji yangu hakuniita shemeji kwa muda. Alinitumia faksi zilizoanza na neno "Ndugu." Ulikuwa na nyumba mkononi, aliandika, ukairudisha mezani kwa watu. Mke wangu alipoambiwa alinyamaza simu nzima, na tarakimu nyekundu zikahesabu ukimya wake kwa bei ile ile ya maneno. Mwisho akasema, "Mashuka ya yule mama yalikuwa mangapi?" Nikamtajia. Akasema, "Ni mengi," na hakunilaumu tena siku ile, ingawa siku nyingine alinilaumu.

Dalali alirudi na karatasi mpya. Uji wa ngano aliuomba mwenyewe.

Kilichotokea baadaye nilikisikia kwa shemeji, vipande vipande. Jaji alisoma viapo vyote viwili kimoja baada ya kingine, akauliza kama mwombaji ni mtu mmoja au wawili. Alinikemea bila mimi kuwapo, dakika nyingi, shemeji akiwa amesimama kwa niaba yangu na kuinamisha kichwa kwa niaba yangu. Jela hakunipeleka. Akasema mtu anayejitangaza maskini ili kukwepa deni amemwona, lakini anayejitangaza tajiri kisha akarudi kwa gharama yake kuapa kwamba hana kitu hajapata kumwona. Kontena lilipofika likaachiwa, baada ya kukaa bandarini siku kumi na moja zaidi, na ada ikaingia kwenye orodha kama Bimkubwa alivyotaka. Ombi likapokelewa. Mnada ukasimama.

Wadai wakakutana katika chumba kimoja nyuma ya mahakama. Alikuwapo tajiri na wakili wake. Bimkubwa alimtuma mpwa wake na barua. Mama wa Kangle aliwakilishwa na karatasi zenye muhuri mwekundu ambazo hakuna aliyeweza kuzisoma, zikiwa na tafsiri ya jamaa wa Mwanza. Shemeji anasema wakili wa tajiri alizigeuza geuza sana. Alikuwa amekuja kukataa mpango wowote. Lakini kama angekataa, nyumba ingeuzwa na fedha zingegawanywa kwa wote waliomo kwenye orodha, kila mmoja kwa kiasi chake, na orodha ilikuwa imenenepa. Kwenye fomu ya kwanza tajiri alikuwa peke yake. Sasa alikuwa na wenzake, tena mmoja Mchina. Aliomba karatasi akapiga hesabu mara mbili. Halafu akasema na tusikie huo mpango.

Mpango ulikuwa kulipa kwa miaka mitano. Tajiri aliongeza sharti lake. Alikuwa na mpwa aliyepata kazi Iringa, naye alitaka mahali pa kukaa. Angechukua vyumba vitatu vya mbele, na kodi ingekatwa kwenye deni kila mwezi. Shemeji alisaini kwa niaba yangu kabla mtu hajabadili mawazo. Kwa muda wote huo nilikuwa mufilisi halali, mwenye karatasi, nisiyeruhusiwa kukopa bila kumwambia anayenikopesha kwamba ni mufilisi. Guangzhou haikuwa lazima niwaambie. Hakuna aliyeweka jina langu kwenye karatasi ya meli tena. Nilikuwa nawabebea wengine sampuli na kuwaonyesha wageni ngazi za Zhanqian, na Bimkubwa aliwaambia, "Mfuateni huyu, anajua njia. Kitu chochote msimpe ashike."

Pilau aliendelea kunipikia. Nyama alinihesabia.

Mwezi mmoja baada ya mpwa wa tajiri kuhamia nilimpigia mke wangu kutoka kibanda cha kioo. Nikamuuliza kuhusu watoto, kuhusu mama, kisha nikamuuliza nilichokuwa nataka kuuliza.

"Nyumba je?"

"Ipo."

"Mpangaji?"

"Kijana mzuri. Ana heshima. Vyombo vyake vingi. Jana mama alitaka kile kiti chake cha kuegemea, kilibaki sebuleni. Nikaenda kukichukua. Nikabisha hodi."

"Sebuleni kwetu?"

"Sebuleni kwetu. Nimesimama nje ya mlango na mikono nimeifuta, kama mgeni."

"Akafungua?"

"Akafungua," akasema mke wangu. "Akaniambia karibu ndani, mama, usiogope, jisikie uko nyumbani."